Ngiri Aliyerudi Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna taratibu, tusikie maneno na siyo meno.

Ilikuwa zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake. Wanyama walisemezana kama mimi na nyinyi. Palikuwa na nyika yenye nyasi ndefu, na katikati ya nyika palikuwa na bwawa. Masika bwawa lilijaa, kila mnyama akanywa akashiba. Kiangazi bwawa lilinywea. Hapo ugomvi ukaanza. Nani anywe kwanza? Maana wa kwanza hunywa maji, na wa mwisho hunywa tope.

Wanyama wakakaa, wakapatana. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, watakimbia. Wataanzia bwawani, watazunguka Kilima cha Mawe, watarudi bwawani kwa upande wa pili. Atakayefika wa kwanza, ukoo wake utatangulia kunywa kiangazi kizima. Simba, Chui na Fisi walikatazwa kushiriki. Mnajua kwa nini. Hao wakikimbia, wengine wote hukimbia vizuri kupita kiasi.

Basi katika nyika hiyo aliishi Ngiri. Alikuwa na mke, Mama Sikujua, na watoto wake. Alikuwa na shimo zuri na shamba la viazi vitamu. Alikuwa na tumbo pia. Tumbo la haja. Wangapi hapa wana tumbo? Usiangalie chini, nimekuona.

Siku moja Ngiri alikwenda ukweni kwenye karamu. Akala, akanywa, akaegemea. Shemeji yake, Mapembe, kaka wa mkewe, akamtazama akacheka.

"Shemeji," akasema, "siku hizi linaanza kuingia tumbo, wewe unafuata baadaye."

Ukumbi mzima ukacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Hata mama mkwe alicheka, akajifunika uso kwa khanga.

Ngiri akaona haya. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa. Akasimama, akasema, "Mbio za mwaka huu nitakimbia. Na nitakuwa wa kwanza!"

Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo.

Walipofika nyumbani, Mama Sikujua akasema, "Baba Sikujua, umekimbia lini mara ya mwisho?"

"Kukimbia hakusahauliki," Ngiri akajibu.

Asubuhi akaamka kabla ya jogoo. Mkewe alikuwa nje anapepeta mtama. Ngiri akanyoosha mguu huu, akanyoosha na huu. Akainua mkia juu. Akachomoka! Vumbi vuu! Akakimbia, akakimbia, akakimbia. Kifua kikawaka moto. Miguu ikawa kama ya kuazima. Akasema moyoni, "Sasa nimefika mbali. Huenda nimeshaingia nchi ya watu." Akasimama, akageuka.

Akamwona mkewe palepale, na ungo mkononi.

"Umesahau kitu?" mkewe akauliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Siku ya pili hakuweza kuinama. Siku ya tatu hakuweza kuinuka. Mkewe akamkanda kwa maji ya moto, akamwambia, "Anza kidogo kidogo, mume wangu. Tembea kwanza." Lakini Ngiri hakutaka ushauri wa mtu anayemkanda. Akaenda kwa Mbuni.

Mbuni alikuwa na miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Mwenyewe hakuwahi kushiriki mbio hizo hata mara moja, lakini alizijua zote.

"Siri ya mbio ni tumbo," Mbuni akasema. "Siku ya mbio kula viazi, kula sana. Halafu kunywa maji, kunywa mpaka uyasikie yakicheza."

Ushauri huo Ngiri aliupenda.

Siku ikafika. Ngoma inalia, ti-ti-di! ti-ti-di! Wanyama wamejipanga bwawani. Bi Swala yupo, mwembamba kama ufito, na watoto wake wawili wadogo wamesimama pembeni. Pundamilia yupo. Nyumbu wapo, wengi, na hakuna anayejua nani kawaleta. Mwamuzi alikuwa Mzee Kifaru. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini nani angethubutu kumwambia?

Ngiri akasimama mstari wa mbele kabisa. Alikuwa amekula viazi. Alikuwa amekunywa maji. Akijitikisa, anayasikia: chubwi, chubwi.

Mzee Kifaru akapiga mguu chini. Du!

Ngiri akachomoka kama jiwe la kombeo. Mkia juu! Akampita Nyumbu, akampita Pundamilia, akawa bega kwa bega na Bi Swala. Watu wakashangaa. "Tazama Ngiri! Tazama Ngiri!" Mapembe akafumbua mdomo, asiufumbe.

Mbio zile za Ngiri zilidumu mpaka kichuguu cha kwanza.

Baada ya kichuguu, Bi Swala akapotea machoni. Pundamilia akampita. Nyumbu wakampita, wote, wakamwachia vumbi ale. Kisha akasikia sauti nyuma yake, kwe-kwe-kwe, kwe-kwe-kwe. Ni Kanga na dada zake. Walikuwa wanakimbia huku wanapiga soga za harusi ya binamu yao, nani alipika, nani alinuna.

Walipomfikia, wakanyamaza kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba!"

"Mara... mara..." Ngiri akatafuta pumzi. "Mara..."

Walishatokomea kabla hajafika kwenye "haba".

Akaendelea. Juu ya mti aliketi Nyani, anatazama mbio na anakula matunda. "Jitahidi, Bwana Ngiri!" akapiga kelele. "Umekaribia! Ni hapo tu!"

Ngiri akapata nguvu. Akakimbia. Hapo tu hapakuonekana. Akamkuta Nyani wa pili. "Ni hapo tu!" Akakimbia tena. Akamkuta Nyani wa tatu, na wa tatu alikuwa na huruma zaidi: "Bado kidogo sana, mzee wetu!" Na mbele yake Ngiri aliona Kilima cha Mawe kizima kizima, hata hajaanza kukizunguka.

Hapo ndipo viazi vya Mbuni vilipoamka. Tumboni: guru-guru-guru. Ngiri akakaza mwendo. Guru-guru-guru! Ngiri akapunguza mwendo. GURU! Ngiri akaiacha njia penye mkwaju, akaingia kichakani, akakaa huko kwa muda. Haya, msicheke. Hata nyinyi mna matumbo.

Alipotoka alikuwa mwepesi, lakini kichwa kinazunguka. Njia iko wapi? Akatazama huku, akatazama kule. Akaona mkia mdogo unaruka-ruka mbele. Akasema, "Hewala! Nimempata mmoja wa kumpita."

Akaufuata. Mkia ukaongeza mwendo. Naye akaongeza. Mkia ukakata kona, naye akakata kona. Mkia ukapita chini ya miiba, naye akapita, akaacha nywele za mgongoni. Mwisho mkia ukaingia kwenye ua, ukasimama. Ngiri naye akasimama, akahema kama mvukuto.

Alikuwa Bi Digidigi, na mzigo wa kuni kichwani.

"Nimekukosea nini?" Bi Digidigi akalia. "Mbona unanifukuza mpaka kwangu?"

"Mimi? Mimi nashindana nawe! Mbona wewe unakimbia?"

"Nakimbia kwa sababu unanifukuza!"

Wakatazamana. Ngiri akaona jiko, akaona chungu cha maharage mekoni. Akaelewa. Akataka ardhi ipasuke.

"Samahani, mama," akasema. "Nimepotea. Nazitafuta mbio."

Bi Digidigi alikuwa na moyo mwema. Akampa maji kwenye kata, akamwambia, "Pita nyuma ya jiko langu. Fuata kinjia hicho, utawakuta wenzako."

Ngiri akafuata kinjia. Kinjia kilikuwa kifupi, tena cha mteremko. Nyasi zikafunguka. Akatokeza mahali peupe, na mara akasikia kishindo.

"Wa kwanza! Wa kwanza! Wa kwanza ni Ngiri!"

Kumbe kinjia kile hakikuzunguka kilima. Kilikata katikati, kikatokea mwishoni kabisa, upande wa pili wa bwawa. Ngoma ikalia ti-ti-di! Vigelegele vikapaa. Ngiri akasimama, mdomo wazi. Hata hakukimbia ile hatua ya mwisho. Alisukumwa na waliomkumbatia.

Mzee Kifaru akamkaribia, akamnusa, akamvika taji la majani mabichi. "Nilijua," akasema. "Nilimwona tangu mbali." Na wote walijua Mzee Kifaru haoni hata pua yake.

Mapembe akaja mbio, machozi yanamtoka. "Shemeji, nisamehe! Nilikucheka mbele ya watu. Kumbe sisi ndio tuna shemeji!"

Ngiri alitaka kusema neno. Kweli alitaka. Lakini taji lilikuwa baridi kichwani, na vigelegele vilikuwa vitamu. Akasema moyoni, nitasema baadaye kidogo.

Mama Sikujua akafika. Uso wake unang'aa kuliko siku ya harusi yake. Akamshika mkono. "Baba Sikujua! Niambie, Bi Swala ulimpita wapi? Nisimulie vizuri, kila kona, nikawasimulie nyumbani kwetu."

Ngiri akalishika taji. Ulimpita wapi? Akatazama juu, akatazama chini.

Na hapo Bi Swala akatokea, peke yake, mbio za mshale, mbavu zinapanda na kushuka. Akafika kwenye kamba ya mwisho wa mbio. Hakuna ngoma. Hakuna kigelegele. Akaona taji kichwani mwa Ngiri, akasimama.

"Sikusikia mtu akinipita," akasema polepole.

"Ungesikiaje?" Mzee Kifaru akajibu. "Mwenye kasi hasikiki."

Bi Swala hakubisha. Mwaka uliotangulia aliumwa, hakukimbia, na ukoo wake ulikunywa wa mwisho, na mtoto wake mmoja hakukiona kiangazi kikiisha. Kila mtu pale alilijua hilo. Akawaita wale wawili waliobaki, akawaambia, "Twendeni, wanangu."

Ngiri akawatazama wakiondoka. Akavua taji.

"Ngojeni!" akasema. "Bi Swala, rudi! Mimi sikumpita mtu. Nimepitwa na wote. Nimepitwa na Kanga, tena wakaniamkia! Niliingia kichakani na tumbo, nikapotea, nikamfukuza Bi Digidigi wa watu mpaka jikoni kwake. Kilima sijakizunguka. Nimetokea huku kwa njia ya mkato, na Mungu anajua sikuijua. Lakini taji nililijua kuwa si langu, na nikalivaa."

Kisha kicheko. Kwa! Kwa! Kwa! Nyika nzima. Nyani walianguka mitini. Mapembe alifuta machozi yale, akaanza kulia mengine ya kucheka. Mzee Kifaru alikohoa, akasema alikuwa na shaka tangu mwanzo. Taji likaenda kwa Bi Swala, na ngoma yake ikapigwa.

Ngiri akageuka. Akaelekea kwenye kinjia kilekile.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Nilisema nitakimbia mbio," Ngiri akasema. "Mbio bado."

Akapanda kinjia. Akapita nyuma ya jiko.

"Wewe tena?" akasema Bi Digidigi.

"Mimi tena, mama. Napita tu."

Akarudi mpaka penye mkwaju, pale alipoiacha njia. Akaanza kukizunguka Kilima cha Mawe. Sasa hakuna wa kumpita na hakuna wa kupitwa naye. Alikimbia kidogo, akatembea kidogo. Akakimbia, akatembea. Nyani hawakuwapo tena kumdanganya kwamba amekaribia. Jiwe baada ya jiwe, kona baada ya kona. Miguu ikauma, akaiacha iume.

Bwawani watu walishakula pilau, wameanza kukunja mikeka. Jua limelala upande. Mara mtoto mmoja akasema, "Kuna mkia unakuja."

Wote wakageuka. Mkia, umesimama wima juu ya nyasi, unakuja polepole. Katika mbio zote za miaka yote, hakuna aliyewahi kumwona wa mwisho akifika. Waliochelewa huishia vichakani, wakarudi makwao kimyakimya. Mpiga ngoma akatupa mfupa, akaishika ngoma kwa mikono yake ya mafuta. Ti. Ti. Ti-ti-di!

Ngiri akaikanyaga kamba. Akakaa chini, pu!

Mapembe akamjia na kibuyu cha maji. "Shemeji, umekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Umempita nani?"

"Hakuna."

Mapembe akacheka kidogo. Kisha akaacha. Akalitazama tumbo lake mwenyewe, maana naye alikuwa nalo, na mbio hizo hakuwahi kuzikimbia hata hatua moja. Akaketi karibu na shemeji yake, akamsogezea sahani.

"Kesho asubuhi," akamnong'oneza, ili wengine wasisikie, "ukienda, nipitie."

"Tutatembea kwanza," Ngiri akasema. "Kwanza ni kutembea."

Mama Sikujua alikuwa nyuma yao, na alisikia. Akamwongezea mumewe nyama.

Haya, wanangu, na nyinyi wakubwa mliojifanya mmelala. Ngano hii inasema hivi: anayejisifu kabla ya mbio hukimbia na mzigo. Na wa mwisho aliyefika kwa miguu yake anamshinda wa kwanza aliyefika kwa uongo.

Hadithi yangu imeketi hapo, imeishiwa pumzi. Mwenye nyingine ainuke aikimbize.