Bi Semeni na Mifuko Kumi na Mitatu

Paukwa!
Pakawa!
Sindano hiyo!
Itie uzi!

Nimetia. Sogeeni, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe huku akisikiliza.

Zama hizo, kabla bibi za bibi zenu hawajatogwa masikio, palikuwa na kijiji ambacho ardhi yake ilichoka. Panda mahindi, vuna mabua. Panda mtama, vuna vumbi. Wazee wakatafuta, wakapata bonde jipya, mwendo wa siku mbili. Wakasema, mwezi ukiandama tunahama.

Zilibaki siku saba.

Kijiji hakikutulia tena. Huku watu wanang'oa nguzo za nyumba, ng'o! Kule wanafunga kuku miguu, kwe-kwe-kwe! Mbwa wanakwenda wanarudi, hawajui walinde nini.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Zamoyoni. Mume alikuwa amekwenda zake. Mama yake alifariki msimu uliopita. Alibaki yeye na binti yake Sikitu, mtoto wa miezi mitano, aliyembeba mgongoni. Na Sikitu alikuwa na tabia moja. Mama akikaa, ng'aa! Mama akisimama, kimya. Mama akitembea, usingizi. Kwa hiyo Zamoyoni alikuwa mtu wa kusimama tu. Alikula amesimama, akapeta mtama amesimama.

Sasa, walikuwa na desturi yao. Wakihama, kila mwanamke hubeba mbegu zake ndani ya mfuko alioushona kwa mkono wake, maana ukipasuka njiani hakuna wa kumshonea. Wakifika, jumbe, mkuu wa kijiji, huukung'uta mfuko juu ya ungo, watu wote wanaona. Ukimwaga mbegu ukufi mmoja, yaani za kujaza kiganja, shamba huna. Utalima la mwenzako mwaka mzima, ulipwe bakuli la chakula.

Mfuko wa Zamoyoni ulishonwa na mama yake, na huo mchwa walikwisha kuula. Yeye mwenyewe hakujua kushona. Hata kiraka.

Akachukua kaniki ya marehemu mama yake, akakata mfuko mkubwa wa kumtosha mbuzi. Akakaa. Akachoma sindano mara tatu. Ng'aa! Akainuka. Siku ya pili akaona heri aanze na mkanda wa kubebea. Akakaa. Ng'aa! Akainuka. Siku ya tatu akaanza kifuniko. Jua lilipofika utosini alikuwa na mfuko usio na kitako, mkanda usio na mfuko, na kifuniko kisicho na cha kufunika.

Jirani yake, Sijali, akapita na nguzo kichwani. Akasimama.

"Shoga, huo ni mfuko au wavu wa kutegea kwale?"

"Pita zako, Sijali."

"Napita. Mimi wangu umekwisha tangu juzi. Wewe utakuja kunilimia. Usiogope, nitakupikia vizuri."

Zamoyoni akawaza mbele. Alimwona Sikitu akikua pembeni mwa shamba la mtu, akisubiri bakuli. Akakunja vitambaa vyake kwapani, akatoka mbio hadi kwa Bi Semeni.

Bi Semeni ndiye aliyeshona mbeleko za kijiji kizima, na sanda pia. Alikuwa mzee, macho yake yamefifia, ulimi bado mkali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umemaliza nini?"

"Nimeanza mfuko, na mkanda, na—"

"Masikio yangu mazima. Nimeuliza umemaliza nini."

"Sijamaliza kitu."

"Kaa."

Ng'aa!

"Simama."

Kimya.

Bi Semeni akamtazama mtoto, akatazama kaniki. "Nani aliyekuambia kushona ni lazima ukae?"

"Wote wanakaa, bibi."

"Wote hawana huyu."

Akashika kisu, akakata kipande cha ukubwa wa viganja viwili. Akakikunja mara moja. "Hapa chini pamejifunga penyewe. Mdomo tunauacha. Zimebaki pande mbili. Huu shona ukienda kisimani. Huu shona ukirudi. Ukijichoma kidole, umejichoma."

"Hiki kitabeba nini? Mbegu za panya?"

"Nenda kisimani."

Zamoyoni akaenda. Sindano ndani, sindano nje. Tu, chwi! Tu, chwi! Mguu unakwenda, mkono unakwenda, mtoto amelala. Mshono ulipinda kama njia ya mlevi. Alijichoma mara nne. Lakini aliporudi, kifuko kilikuwa kimekwisha. Akakigeuza huku na huku, hakuamini.

Bi Semeni akatia mahindi, akakung'uta. Hakikudondoka kitu. Akatia mtama. Chiririii! Kuku wakaja mbio.

"Umepiga bandi," alisema. "Hatua ndefu ndefu. Hiyo ni ya kushikizia nguo tu. Fumua."

"Bibi! Zimebaki siku nne!"

"Ndiyo maana nakwambia fumua sasa, si kesho."

Zamoyoni alitaka kukitupa. Alizunguka ua mara mbili, akirusha miguu kama anayekanyaga siafu. Kisha akafumua.

"Hatua moja mbele," akasema Bi Semeni, "nusu nyuma. Mbele tena. Nenda kisimani."

Mbele moja, nyuma nusu. Tu, chwi! Tu, chwi! Akaenda, akarudi. Mtama haukutoka. Bi Semeni akatia ufuta. Ulipenya pembeni, si-si-si, kidogo kidogo.

"Geuza ndani nje. Kunja ukingo, upitie tena. Nenda."

Akaenda, akarudi. Ufuta haukutoka.

"Sasa?" akauliza Zamoyoni, anahema.

"Sasa kata mwingine."

Zamoyoni akaukata ule mfuko wa kumtosha mbuzi vipande vipande. Akashona akienda kisimani, akashona akienda kondeni, akashona akikoroga uji. Wanawake wakacheka. "Huyu kila mara kisimani, na mtungi hana. Anakihama kijiji au anahamia kisimani?" Yeye aling'ata uzi, akaendelea. Siku ya saba alikuwa na mifuko kumi na mitatu, imeshiba mbegu.

Mwezi ukaandama. Watu wakahama.

Zamoyoni alijifunga mifuko kiunoni, Sikitu mgongoni. Siku ya kwanza njiani mwiba ukamchania mmoja. Aliushona akitembea, wala aliyekuwa nyuma yake hakumkanyaga.

Wakafika bondeni. Jumbe akaweka ungo chini. Akakung'uta mfuko wa Sijali, ukasalimika, akapewa shamba lake. Akaitwa Zamoyoni.

Sijali akapaza sauti. "Jumbe, desturi inataka mfuko. Hivyo ni vichezeo!"

Jumbe akakuna kidevu. Watu wakanong'ona. Zamoyoni aliyumba mguu huu, mguu ule, mtoto asiamke.

Bi Semeni akasema, "Jumbe, desturi inataka mbegu zifike ndani ya mshono wa mwenyewe. Haikusema mshono wa urefu gani. Kung'uta."

Jumbe akakung'uta wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Wa tano, wa tisa, wa kumi na mbili. Kimya. Wa kumi na tatu.

Ti. Ti. Ti.

Punje tatu za ufuta. Zamoyoni alitamani kukimbia na asijue aendako. Jumbe akainama azihesabu. Kabla hajafungua kinywa, kuku mmoja aliyekata kamba akafika, dona, dona, dona.

"Sasa hakuna," alisema Bi Semeni.

Jumbe akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Hata zingekuwepo, tatu si ukufi. Shamba lako, mama, ni kutoka kichuguu kile mpaka kijito."

Zamoyoni hakusubiri vigelegele. Alichukua jembe. Wenzake walipokuwa bado wanatua mizigo, tuta la kwanza lilikuwa limepandwa na mfuko mmoja umebaki mtupu.

Tangu siku hiyo, pale bondeni anayejifunza kushona haanzi na kanzu. Hupewa kitambaa cha viganja viwili, akatumwa mahali.

Funzo lake ndilo hili, enyi mnaoanza. Kazi ya kwanza iwe ndogo, iishe kabla hujaichukia. Ikiwa mbaya, fumua. Ikiwa nzuri, kata nyingine.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia aulize jirani.