Tende ya Mzee Mwinchande

Sogeeni karibu, na mwenye haya nyingi akae nyuma, kwa sababu hadithi hii imejaa aibu na mimi sitaipunguza hata chembe.

Pangani alikuwepo mzee mmoja akiitwa Mwinchande. Nyumbani kwake walikuwemo watu watatu wenye vipaji. Siwema, mke wa mwanawe, alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu. Bi Nargisi, mkewe, alikuwa na ulimi usioogopa mtu. Na Kibwana, mume wa binti yake Salama, alikuwa na mgongo wa kubeba magunia ya nazi kutwa nzima bila kulalamika.

Mzee mwenyewe alikuwa na presha. Daktari alimpa vidonge vya presha na aspirini ya kulinda moyo. Akamwambia aspirini aimeze akishakula, na Ramadhani ikikaribia arudi wazungumze. Hakurudi. Mtaa mzima ulifuturu barazani kwake, naye aliona aibu watu wajue kwamba mwenye futari ni mgonjwa. Basi akabuni ujanja, tena wa kijinga. Alitoa kokwa ya tende, akapachika vidonge vyote ndani. Adhana ikilia, anafungua kwa tende hiyo mbele ya wageni, kisha kama ilivyo desturi ya mwenyeji, hagusi chakula mpaka wageni wote washibe. Tumbo tupu tangu alfajiri, na dawa imeshaingia.

Siwema alikuwa akisafisha choo, mzee ametoka humo sasa hivi, alipoona kinyesi cheusi kama lami, akajua hiyo ni damu, si rangi ya chakula. Lakini mke wa mwana anazungumzaje habari za choo cha baba mkwe wake? Aliunguza mihogo, akamwaga uji, mwishowe akajifunika uso kwa kanga, akamwendea Bi Nargisi.

"Mama, nisamehe. Baba anatoka damu."

"Umejuaje?"

Siwema akalia, na Bi Nargisi akaelewa.

Bi Nargisi alimuuliza mumewe, mumewe akakana. Ndipo akakumbuka kwamba kila siku mzee huweka tende yake mbali na za wenzake. Jioni ile, adhana ilipolia, aliingia barazani katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Baba Salama, nipe hiyo tende."

"Mke wangu, rudi ndani."

Hakurudi. Aliichukua mkononi mwake, akaipasua, na vidonge vikadondoka kwenye mkeka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mzee aliinuka ajifiche chumbani. Kichwa kikamzunguka, akaanguka, kikoi kikafunguka na kuchafuka mbele za watu. Wageni wakageuza nyuso. Mkwe haoni utupu wa mkwewe, hilo linajulikana, lakini Kibwana alivua kanzu yake mwenyewe, akamfunika, akambeba mgongoni, akapita naye mbele ya msikiti hadi hospitali. Njia nzima mzee alimnong'oneza, "Niweke chini, baba. Nirudishe nikafie ndani." Kibwana akazidi kukaza mwendo.

Daktari aliwaambia tumbo la mzee lilikuwa linavuja damu. "Nisingeambiwa rangi ya choo, ningehangaika kutafuta ugonjwa. Nisingeambiwa habari ya tende, ningemrudishia aspirini ile ile, na kwenye tumbo tupu ndiko inakochokoza. Na mngechelewa, sasa hivi mngekuwa mnatafuta sanda."

Mzee akapona. Ramadhani iliyofuata hakufunga. Alikula mchana mlango ukiwa wazi, na dawa zake akazimeza jinsi daktari alivyompangia upya, kila moja kwa saa yake. Kila kijiko kilimwia kizito, lakini alikula.

Siku ya kwanza ya mfungo wageni wakajaa tena barazani. Nyumba ile ina desturi: tende ya kwanza hutoka mkononi mwa mwenyeji, na anayepewa ndiye mwenye heshima kuliko wote mwaka mzima. Mzee akawaita watu wake watatu mbele ya mkeka ule ule.

"Mwaka jana niliona haya kuonekana mgonjwa, nikawavisha ninyi haya zangu," alisema. "Aliyeniokoa apokee."

Siwema akainamisha kichwa. "Si mimi, Baba. Mimi nilichungulia nisichostahili."

"Wala mimi," alisema Bi Nargisi, na ulimi wake leo ulikuwa mzito. "Nilikuvua nguo mbele ya watu."

Kibwana alitazama miguu yake. "Niliona nisichopaswa kukiona, mzee. Mpaka leo siwezi kukutazama usoni."

Adhana ikalia. Wageni wote wana njaa, na hakuna anayeweza kufungua kabla ya tende hiyo kupokelewa. Mkono wa mzee umenyooshwa, na watatu wote wameinama.

Tende ni moja. Haya, ninyi mnaosikiliza, msigeuze nyuso kama wale wageni. Nani aipokee?