Mgomba wa Kahangwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliokula maboga mabichi. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni, na wewe unayesinzia nimekuona. Wengine huisimulia ngano hii kama wanakohoa. Nikiisimulia mimi, hata mawe hujifuta machozi.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakishtakiana baraza moja, kulikuwa na mwanamke aitwaye Kemilembe. Mumewe, Kahangwa, aliondoka asubuhi moja kwenda kutafuta chumvi ng'ambo ya mto. Aliaga hivi: "Mke wangu, mgomba huu wa uani ukitoa mkungu, mimi nimerudi."

Mgomba ukatoa mkungu, ukaiva, ukaanguka. Chipukizi lake likakua, likazaa, likaanguka. Mvua zikaja zikaenda, zikaja zikaenda, zikaja zikaenda, mpaka zikatimia saba. Kahangwa kimya.

Kemilembe alibaki katika nyumba ya msonge pamoja na Nyangoma, mama yake Kahangwa. Na nchi ile ilikuwa na sheria yake: nyumba ya msafiri haiezekwi. Ukibadili nyasi zake, mwenyewe akirudi hataijua, atapita moja kwa moja apotee milele. Sheria nzuri hiyo, kwa safari ya mwezi mmoja. Kwa mvua saba, paa lilikuwa limeota uyoga. Mvua ikinyesha, Kemilembe alihamisha kitanda cha mkwewe kutoka ukutani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mekoni, kutoka mekoni hadi ukutani tena. Na Nyangoma alikohoa. Mwaka wa kwanza alikohoa kama mtu anayebisha hodi. Sasa alikohoa kama mtu anayevunja kuni.

Siku moja Mnana, yule ndege fundi wa kuezeka, alitua juu ya paa akachungulia ndani kupitia tundu.

"Shemeji," akasema, "hii ni nyumba au ni chujio?"

"Wewe ndiye fundi, tuambie."

"Nguzo ya kati imeoza. Masika yanayokuja italala chini, na itamlalia huyo bibi."

"Basi ezeka, Mnana."

"Niezeke nyumba ya msafiri? Ndovu anikanyage nibaki unyoya? Kwanza mvueni Kahangwa safari."

Kumvua mtu safari, jamani, ndiko kusema amekufa hata kama hamjaiona maiti. Neno hilo Kemilembe alikuwa amelisema moyoni mara moja tu, akaenda kunawa mikono. Jioni ile alipiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Nyumba inaanguka."

"Kahangwa ataiezeka."

"Mama, mvua saba."

Nyangoma akamtazama. "Kama unataka mume mwingine, sema. Usizungukie paa."

"Sitaki mume. Sitaki kuzika wawili."

Nyangoma alikohoa kikohozi chake chote, akakimaliza, akachukua fimbo. "Kesho twende kwa Ndovu. Nataka nisikie akikukatalia."

Ndovu ndiye aliyekuwa hakimu. Hawakumchagua kwa ukubwa wa mwili, maana hata Kiboko ni mkubwa, na Kiboko humpi kesi ya kuku. Walimchagua kwa sababu ni yeye peke yake ambaye akipita penye mifupa mikavu husimama, akaigeuza polepole, akanyamaza kidogo kabla ya kwenda zake.

Kesho yake barazani, Ndovu alielekea mtoni akaita, "Kahangwa ee!" Kimya. Akaelekea mlimani akaita, "Kahangwa ee!" Kimya. Akaelekea nyumbani kwake Kahangwa akaita, "Kahangwa ee!" Mgomba wa uani ukatikisika, na ulikuwa upepo tu.

"Mashahidi," akasema Ndovu.

Tai akasema, "Nimeruka mvua saba. Sijauona moshi wa moto wake."

Kenge akasema, "Nimekaa kivukoni mvua saba. Sijauona unyayo wake."

Fisi akainuka, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akasema, "Nimenusa nchi hii na ya pili yake. Sijamnusa akiwa hai, sijamnusa akiwa maiti."

Nyangoma akapiga fimbo chini. "Mmesikia? Fisi mwenyewe hajamla. Mwanangu yu hai."

"Bibi," Fisi akasema taratibu, "mimi ni mlafi, si mwongo. Sikusema yu hai. Nimesema sijui."

Msicheke nyie. Siku ile Fisi alisema kweli kuliko wengi wenu mlioniitikia hapa.

Ndovu akasema, "Sheria haitaki tumwone. Inataka tuwe tumengoja vya kutosha, na tumengoja. Nyangoma, aliyezaa ndiye anayevua. Kata mgomba wa urefu wa mwanao, umzike uani. Ukikosea urefu, huyo si yeye. Utajaribu mara tatu. Zikipita tatu, nyumba itabaki kama ilivyo mpaka ianguke."

"Na akirudi je?"

"Akirudi atazaliwa upya. Utambeba mgongoni, yeye na ndevu zake, uzunguke nyumba mara tatu, ndipo umpe jina."

Baraza lote likacheka. Nyangoma naye akacheka, mpaka kikohozi kikamkamata. "Nitambeba," akasema. "Mgongo bado ninao."

Siku ya kwanza Nyangoma alikata mgomba wa kumfika kiunoni.

"Huyu nani?" Ndovu akauliza.

"Mwanangu. Alinifika hapa."

"Alipokuwa akichunga mbuzi. Rudi."

Siku ya pili alikata mgomba wa kumfika begani.

"Huyu nani?"

"Mwanangu. Alinifika hapa."

"Sauti ilipokuwa ikimvunjika. Rudi."

Watu wakanong'ona kwamba bibi anadanganya makusudi. Kemilembe ndiye aliyeelewa. Mkwewe hakuwa anadanganya. Alikuwa anamkata yule Kahangwa ambaye bado hajaenda kokote.

Siku ya tatu kulikucha na mawingu meusi mlimani. Kemilembe aliujua urefu wa mumewe, aliujua kwa shavu lake mwenyewe lilipokuwa likimfika kifuani. Angeweza kukata yeye. Lakini aliyezaa ndiye anayevua. Akamshika mkwewe mkono, akamsimamisha mlangoni, akamwinulia kiganja chake mpaka kwenye mti wa juu ya mlango. Pale katikati palikuwa na doa jeusi, laini, linang'aa kama gunzi lililopakwa mafuta.

"Mama, hapa pana nini?"

Nyangoma akalipapasa doa kwa vidole, akalipapasa tena, akalipapasa tena.

"Alikuwa hainami," akasema. "Kila siku namwambia inama, na kila siku, ko! Mafuta yote ya kichwa ameyaacha hapa."

"Naye alikuwa anajibu nini?"

"Anasema yeye si mrefu, mlango ndio mfupi."

Wakacheka, mama na mkwe, wameshikana pale mlangoni. Kisha hawakuwa wanacheka tena. Tone la kwanza la mvua likapita paani likamwangukia Nyangoma shingoni. Hakulifuta.

"Nipe panga," akasema.

Wakauangusha ule mgomba wa uani, kitukuu cha mgomba wa ahadi, wakausimamisha mlangoni. Kemilembe akaweka alama sawasawa na doa.

"Ongeza shubiri moja," Nyangoma akasema. "Alikuwa anajigonga paji la uso. Utosi ulikuwa juu zaidi."

Hakuna aliyemwomba shubiri ile. Aliitoa mwenyewe.

Ndovu alipofika hakuuliza huyu nani. Aliupapasa mgomba kwa mkonga kutoka chini hadi juu, kama anavyopapasa mifupa, akanyamaza kidogo. "Ni yeye," akasema. Wakaufunga kwa nguo ya gome la mti, wakaushusha kaburini, na Nyangoma akasema mara tatu, kila mara sauti ikipungua: "Nilikuzaa, nakurudisha. Nilikuzaa, nakurudisha. Nilikuzaa, nakurudisha."

Kesho yake Mnana alikuja na ukoo wake mzima na kelele zao. Wakang'oa nguzo iliyooza, wakatupa nyasi za zamani, wakaezeka mpya. Walipofika mlangoni Mnana akauliza, "Bibi, mlango huu mfupi. Niuinue, wageni wasijigonge?"

Nyangoma alikuwa ameketi juani, amejifunika shuka la Kemilembe.

"Uache," akasema. "Waambie wainame."

Mvua kubwa ikanyesha siku ya nne yake. Ilinyesha juu ya kaburi, ilinyesha juu ya paa, lakini ndani haikuingia hata tone. Kitanda cha Nyangoma kilikaa mahali pamoja. Kemilembe alisikiliza kikohozi cha mkwewe kikirudi kuwa hodi, kisha kikanyamaza, na bibi akalala.

Tangu hapo, kila aliyeingia nyumba ile, awe mfupi kama sungura au awe Ndovu aliyeingiza mkonga tu, aliinama pale mlangoni. Wakubwa wakiulizwa kwa nini, husema ni adabu ya nyumba. Sasa ninyi mnajua wanamwinamia nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Anayetoka, ainame.