Mama Mkwe wa Ukutani

Enyi mlioketi!

— Tumeketi!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Haya, yafungueni, na midomo mfunge. Wewe Subira, wewe hasa.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wanyama, nyumba kumi, na kila nyumba mtungi wake wa maji. Kiangazi kikaja, kikakaa, kikagoma kuondoka. Mto ukakauka. Ikabaki chemchemi moja nyuma ya vilima, kwenda na kurudi kutwa nzima. Wanyama wakawa wanaoga kwa kikombe, na maji waliyooshea mchele wanamwagilia mchicha.

Kiboko yeye hakwenda chemchemi. Miguu anayo minne, nguvu anazo, lakini wapi! Kazi yake kubisha hodi.

"Hodi hodi!"

"Karibu!"

"Jamani, maji ya kunywa tu."

Sasa nani atamnyima mgeni maji ya kunywa? Aibu iliyoje! Basi Kiboko anaachama, domo lile kama mlango wa ghala, anainua mtungi, gu-gu-gu-gu! Anauweka chini mtupu, anasema, "Mungu awazidishie," kisha huyo, nyumba ya pili.

Kijiji kikafanya mkutano. Mzee Kobe, mwenyekiti, akasema, "Tuchore kuta zetu. Picha za kuhimiza kutunza maji. Kiboko akiziona ataelimika." Wakapiga makofi. Wakachora mtungi mzuri nje ya kila nyumba, umejaa, matone yanametameta.

Kiboko akapita, akasimama, akatazama. "Hongereni sana! Mmenitamanisha." Siku hiyo akamaliza mitungi tisa. Tumbo likamlaza siku mbili.

Ukabaki mtungi mmoja, wa Digidigi, mama wa mapacha wanaonyonya. Digidigi akaketi chini akalia. "Akiamka anakuja kwangu. Maji yakiisha, maziwa yanakatika, na wanangu watanifia mikononi."

Ukutani mwake aliishi mpangaji, Mjusi, mdogo kama kidole, mdomo mkubwa kama wa Subira.

"Dada, nyamaza. Niletee masizi, chokaa na udongo mwekundu."

"Si tulishachora?"

"Mlichora mtungi. Mimi nachora mtu, humu ndani."

Mjusi akachovya mkia kwenye masizi, churu! Jicho. Akachovya kwenye chokaa, churu! Jino. Akachovya kwenye udongo, churu! Shavu. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka.

"Huyu nani?" Digidigi akauliza.

"Bi Mashavu, mama mkwe wa Kiboko. Nilimwona siku ya harusi, nilikuwa darini."

"Mbona pua imezidi?"

"Imezidi wapi! Ukuta umeniishia."

Alipomaliza hapo akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka ya kumi. Churu, churu, churu.

Siku ya tatu Kiboko akaamka na kiu yake.

"Hodi hodi!"

"Karibu, Bwana Kiboko."

"Jamani, maji ya..."

Akamwona. Mama mkwe huyo hapo, juu ya mtungi, macho kayakodoa. Na adabu ya ukwe mnaijua: mtu hali mbele ya mama mkwe wake, hanywi, wala haachami. Kiboko na domo lile! Akalifumba, kap! Akainamisha uso, asimtazame.

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Shikamoo mama!"

Kimya.

"Amekasirika," Kiboko akanong'ona.

Mjusi akadakia toka kwenye boriti. "Asikasirike vipi? Amehamia kijijini, ana kiu, na mkwe wake hajamletea hata kata moja ya maji!"

Masikini Kiboko! Akatoka kinyumenyume, du, du, du, akaondoka na mlango. Akakimbilia kwa Kobe. Mama mkwe yupo. Akakimbilia kwa Nungunungu. Mama mkwe yupo. "Mama huyu ana mbio!" akasema. Nyumba kumi, shikamoo kumi, wala hakuitikiwa hata moja. Mama mmoja yuko kila mahali, na Kiboko hakushangaa. Shangaeni ninyi.

Kesho yake akajitwika pipa, akashika njia ya chemchemi. Akajaza mtungi wa Digidigi. Akajaza wa Kobe. Akajaza yote kumi. "Mama, maji haya hapa," uso chini. Kila siku hivyo hivyo, vilima juu, vilima chini. Mapacha wakanyonya wakanenepa. Kiboko akakonda mpaka akaonekana shingo.

Siku moja mvua ikanyesha. Paa la Digidigi likavuja, na Bi Mashavu akaanza kutiririka, jicho likafika kidevuni. Kiboko akaingia na pipa lake.

"Yarabi! Mama anayeyuka! Zimeni mvua! Zimeni!"

Nani azime mvua? Mama akaisha. Kiboko akarudi kwake analia njia nzima, akamwangukia mkewe.

"Mke wangu, jikaze. Mama amefariki. Ameloa, akaisha."

"Mama yupi? Mama si huyo jikoni, amekuja asubuhi, anakoroga uji!"

Kiboko akageuka. Bi Mashavu mzimamzima, mwiko mkononi, na pua kweli haikuzidi. Kiboko akainamisha uso upesi.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nyumba kumi umezijazia maji kwa jina langu. Mimi mwenyewe najichotea na mgongo huu. Yangu yako wapi?"

Kiboko akaliinua pipa akaenda kukingia maji ya mvua.

"La," akasema Bi Mashavu. "Ya mvua sinywi. Ya chemchemi."

Basi, fundisho. Watoto, msichore ukutani. Ni uharibifu, na haujapata kumsaidia mtu. Na mwenye shida ya maji asihangaike kuyatunza. Amwoze Kiboko binti yake.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nitakwenda kuitia sukari nyumbani.