Cheti cha Refa Mwinshehe

Mambo ya marehemu kaka yangu Mwinshehe yalibadilika Jumamosi tarehe 14 Juni, saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Alikuwa amefaulu mtihani wa urefa tangu Machi na ada amelipa, lakini katibu wa waamuzi, Bwana Kipande, alikikalia cheti chake akidai nyongeza isiyoandikwa popote.

Siku hiyo refa wa fainali aliugua. Kipande akamwita Mwinshehe.

"Chezesha tu. Cheti tutazungumza baadaye."

"Sawa, mzee."

Timu ya mtaani kwa Kipande, aliyokuwa akiishabikia, ilishinda bao moja kwa bila. Watu wakiwa bado wanashangilia, Mwinshehe alimfuata na fomu ya ripoti ya mchezo.

"Nisaidie, mzee. Hapa wanataka namba ya cheti cha refa. Niandike sina?"

"Ukiandika hivyo walioshindwa watakata rufaa, mechi irudiwe."

"Ndiyo. Nahodha wao yule pale, anasubiri nakala yake."

Kipande alilitazama kombe. Kisha akafungua mkoba, akatoa cheti, akagonga muhuri.

"Weka tarehe ya Machi, mzee. Ndipo nilipofaulu."

Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yangu, amsamehe makosa yake, alipanue kaburi lake. Amin.