Kulungu Aliyekula Muhogo wa Kuchoma

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mti!

Mti una nini?

Una jeraha!

Nani kaujeruhi?

Hatujui, tueleze!

Basi tulieni, wala msiamini upesi.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Mtandura, ukingoni mwa msitu, palitokea shauri. Yako mambo ambayo mashahidi wote waliyakubali, hata wale waliokuwa wamenuniana. Walikubali kwamba mninga ulikuwepo. Walikubali kwamba gome la mninga lilikuwa limekwanguliwa. Walikubali kwamba Kingwaba, kiongozi wa wawindaji, alisimama chini yake, akainua mkuki, akatamka: "Kulungu! Kulungu! Kulungu!" Baada ya hapo hawakukubaliana tena.

Sheria ya Mtandura ilikuwa hivi. Kabla ya msako, kiongozi hutangulia msituni, hutafuta alama mtini, na huitaja mara tatu. Akitaja sawa, kidari cha mnyama ni chake. Akikosea, mkuki wake hutwaliwa, naye hupandishwa kwenye ulingo wa shambani kuamia ndege wasile nafaka, maisha yake yote. Kingwaba hakumwogopa chui. Hakumwogopa nyati. Aliuogopa ulingo.

Tena kiongozi huvaa kofia ya ngozi ya kulungu, yenye pembe zake. Na mwiko wake ni huu: akiivaa, asiguse kichwa kwa mkono mpaka arudi nyumbani, mikuki isije ikawa butu. Ishikeni hiyo kofia. Tutaihitaji.

Siku hiyo alikuwepo Mwasiti, mtani wake Kingwaba kutoka ng'ambo ya mto. Na neno la mtani halinuniwi. Mwasiti akautazama mninga, akamtazama Kingwaba.

"Mtani, jeraha liko usawa wa kipaji cha uso wako. Kulungu huishia kiunoni."

"Kulungu mrefu," akajibu Kingwaba.

Mwasiti akachomoa unyoya wa mnyama kwenye gome, akaunusa, akapiga chafya. "Unanuka ugoro!"

"Kulungu ana mafua. Anajitibu."

Mwasiti akainama penye shina. "Na haya maganda ya muhogo wa kuchoma?"

Kingwaba akafikiri kidogo. "Jua la juzi lilikuwa kali mno."

Watu wakacheka. Kingwaba akakasirika, akavaa kofia yake, akashika njia kwenda kumtafuta kulungu huyo peke yake. Nyuma yake Jumbe Matimbwa, mwamuzi wa kijiji, akasema: "Maneno hayana unyayo. Tegeni wavu juu ya mninga. Mwenye alama akirudi kuiongeza, anaswe. Hapo tutajua."

Kingwaba akazunguka bonde. Hakuona kitu. Akazunguka kilima. Hakuona kitu. Akazunguka kichaka, na kichwa kikaanza kumwasha. Akastahimili. Kikawasha tena. Akastahimili. Kikawasha mara ya tatu, na mkono umekatazwa! Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Akausogelea mti uliokuwa karibu, akainamisha kichwa, akasugua.

Kru! Kru! Kru!

Raha ikamshuka hadi visiginoni. Akafumba macho. Alipoyafumbua, aliona vipande vya gome vikidondokea maganda ya muhogo, maganda aliyoyafahamu vizuri sana, kwa kuwa aliyamenya mwenyewe.

"Ala!" moyo wake ukasema. "Kingwaba, kumbe alama hii ni..."

Wavu ukaanguka, na watu wakatoka mafichoni.

"Nifungueni!" akalia. "Mimi ni mtu!"

"Vizuri," akasema Jumbe. "Basi alama ni ya mtu, nawe ulitaja kulungu. Lete mkuki."

Kingwaba akauona ulingo mbele ya macho yake. "La! La! Alama ni ya kulungu!"

"Vizuri zaidi," akadakia Mwasiti. "Mwenye alama tumemnasa akiichora. Leteni kisu! Kidari ni chako, mtani. Sijui tu utakilaje."

Enyi mlioketi hapo, mngejibu nini? Msijibu. Hamjaapishwa.

Kingwaba akautazama mkuki. Akakitazama kisu. Akalitazama tumbo lake, ambalo vidari vya miaka mingi vilikuwa vimelijenga vyema. Akasema kwa upole: "Mimi ni kulungu. Lakini nina mimba."

Mwenye kisu akakishusha. Maana Mtandura mnyama mwenye mimba hachinjwi, hata kwa njaa.

"Uongo!" Mwasiti akaruka. "Kulungu jike hana pembe!"

Kingwaba akatikisa kichwa, bila kukigusa kwa mkono. Kofia ikaanguka. "Ziko wapi?"

"Basi mti ulikwanguliwa na nini?"

"Mwasiti," akasema Jumbe, "mjamzito hahojiwi hivyo."

Kisha Jumbe akatoa hukumu. "Alama ni ya kulungu, kwa hiyo mkuki ni wa Kingwaba. Kulungu huyu ana mimba. Kwa hiyo hachinjwi."

Kingwaba akapiga vigelegele.

"Ila kulungu hashiki mkuki, wala halali nyumbani. Mkuki utatundikwa kwenye mninga mpaka atakapojifungua. Naye atakaa malishoni."

Kingwaba akaacha vigelegele.

Inadaiwa, na shahidi ni yeye peke yake, hivyo ushahidi huu siupokei wala siutupi, kwamba kesho yake kulungu dume alitoka kichakani. Alikuwa mfupi, mzima wa pua. Akaja mpaka chini ya ule mkuki, akausugua mninga kwa pembe zake, usawa wa kiuno, taratibu, kama asiyemwogopa mtu. Kingwaba akafumbua kinywa ili amtaje mara tatu.

Akakifumba. Angemtaja nani?

Sasa nawauliza ninyi mliosikia. Je, Kingwaba alipona au alipotea? Na alama ile ya kwanza ilikuwa ya nani: ya mtu, ya kulungu, au ya kofia? Pimeni wenyewe, wala msinitazame mimi.

Hadithi yangu nimeitundika mtini. Mwenye hukumu apande, aitungue.