Kijiko Kilichozima Mara Tatu Juu ya Ndiva

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya karibu, ya mvua zilizong'oa migomba huko milima ya Upare, palikuwa na mwanamke aitwaye Nakiete. Kazi yake ilikuwa kuendesha kijiko, mashine ya kuchota udongo. Si kile kijiko kikubwa cha minyororo, la. Kijiko kidogo cha magurudumu manne, kinachogeuka palepale kiliposimama na kupenya njia ambayo gari haligusi. Kilikuwa mali ya chama cha wakulima wa tangawizi, na kijiji kizima hakuna mwingine aliyejua kukiendesha.

Kijiji hicho kilikuwa na ndiva, bwawa la kuchimbwa ambalo wakulima hulijaza maji kisha huyagawana kwa zamu. Kiangazi kikiingia, mwenye zamu ya kwanza hupata maji ya kutosha na tangawizi yake hunenepa. Mwenye zamu ya mwisho hupata matope. Kwa ajili ya zamu ndugu walinuniana miaka, na posa zilirudishwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mlima ulishuka. Udongo ukaporomoka ukaziba mfereji wa kutolea maji yanayozidi. Mvua haikukoma. Maji yakapanda, yakapanda. Na chini ya ukingo wa ndiva palikuwa na nyumba kumi na tisa, mojawapo ya mama yake Nakiete, ambaye miguu ilimvimba hata kusimama kwake kulikuwa safari. Vijana wenye nguvu walianza kuwabeba wagonjwa kwa machela, lakini njia ilikuwa utelezi mtupu. Wakipanda hatua mbili, wanarudi moja.

Majembe yalijaribu kuzibua mfereji. Udongo uliotolewa ulirudi. Ndipo kikaitwa kijiko.

Kijiko kikanguruma, kikachota, kikamwaga. Kikachota, kikamwaga. Mara ya tano kikakohoa. Kikazima.

 Nakiete alikijua kikohozi kile. Siku mbili nzima kijiko kilikuwa kikikohoa hivyo, naye alinyamaza, akijiambia atamwita fundi akimaliza kusawazisha uwanja wa shule. Sasa alikaa kwenye kiti, mikono juu ya mishikio, akitazama bondeni. Machela ya mama yake ilikuwa haijafika hata kwenye mti wa kwanza wa njiani.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, bwana mmoja aitwaye Elinihaki, alikuwa akipima maji kwa fimbo. "Shubiri tatu zimebaki maji yafurike!" alipiga kelele. "Jamani, atakayekifanya kijiko hiki kifanye kazi mpaka mfereji ufunguke, zamu ya kwanza ni yake! Kiangazi chote! Nasema mbele ya watu!"

Akatokea Mchome, fundi wa injini za dizeli, na mfuko wake wa spana. Hakusalimia. Alilala kifudifudi kwenye matope, akafungua kikombe cha kioo chini ya chujio. Yakatoka maji kwanza, dizeli baadaye.

"Mafuta yana maji," akasema. "Mmenunua wapi?"

Watu waligeuka wakamtazama Bi Namsifu, muuza dizeli wa pale senta. Bi Namsifu alitazama miguu yake. "Pipa langu liliachwa wazi juzi," akasema. "Mvua ilinyesha ndani. Nilidhani ni kidogo."

Hapakuwa na muda wa kugombana. Mchome alitoa chujio jipya mfukoni, akafunga. Akalegeza skrubu, akasukuma pampu ya mkono kutoa upepo ulionaswa kwenye mafuta. Povu likatoka, likatoka, mpaka ikaja dizeli tupu. Mikono yake ilichubuka, damu ikachanganyika na mafuta. "Washa, dada!"

Kijiko kikanguruma, kikachota, kikamwaga. Mara ishirini hivi. Kikakohoa. Kikazima.

"Shubiri mbili!"

Nakiete aliruka chini, akapanda tena, akaruka tena. Hakuweza kutulia. "Fundi, fanya haraka! Mama yangu yuko njiani!"

"Sasa ni pampu kubwa," alisema Mchome, akijifuta jasho. "Inabidi niifungue. Nipeni muda wa saa tatu."

"Baada ya saa tatu tutakuwa tunaokota mabati ya watu!" akafoka Nakiete.

Palikuwa na mtu mwingine amesimama pembeni, Kiondo, mchuuzi wa maziwa, ambaye alikuja kusaidia kubeba machela akakosa nafasi ya kushika. Hakuwa fundi wa kitu chochote. Akasema, "Fundi, hebu fungua kifuniko cha tangi. Polepole."

Mchome alimtazama kwa dharau, lakini akafungua. Tangi likavuta pumzi: fyuuu! Kama mtu aliyezama na kuibuka.

"Ndivyo dumu langu la maziwa lenye bomba linavyofanya," alisema Kiondo. "Likizibwa sana, maziwa hayatoki. Lazima upepo uingie ndipo kitu kitoke."

Wakakagua kifuniko. Kitundu chake cha kupumulia kilikuwa kimejaa udongo mkavu. Mchome alikizibua kwa mwiba.

Kijiko kikanguruma, kikachota, kikamwaga. Kikachota mpaka watu wakaanza kupiga vigelegele. Kisha Nakiete akakiinamisha pua kuingia ndani ya mfereji wenyewe. Kikakohoa. Kikazima.

"Shubiri moja! Nakiete, shubiri moja!"

Kwenye kioo cha chujio povu lilikuwa limerudi. Mchome alipitisha vidole kwenye mpira wa mafuta kutoka tangini mpaka kwenye pampu. "Upepo unaingia mahali. Lakini mpira ni mkavu, haudondoshi hata tone."

"Mpira unaovuta haudondoshi," alisema Bi Namsifu. Alikuwa amepiga magoti bila kuitwa. "Huo hunyonya upepo. Nimeuza dizeli kwa mpira miaka kumi na miwili, najua." Akaupangusa kwa pindo la kitenge, akaukunja kidogo kidogo, mpaka karibu na kibano pakafunguka ufa mwembamba kama unywele.

"Mpira mwingine uko wapi?" aliuliza Nakiete.

 Bi Namsifu aliinuka akaondoka mbio, mwanamke wa miaka sitini, kitenge kimefungwa kiunoni, viatu mkononi. Senta haikuwa mbali, lakini kwa Nakiete ilikuwa kama kungoja mtoto azaliwe. Alihesabu machela njiani. Mbili zimepita kwenye kilele cha njia. Ya mama yake bado. Alihesabu tena.

Bi Namsifu alirudi na mpira wa pampu ya pipa lake, ule aliouzia dizeli kila siku, mwingine hana. Mchome alipotaka kupima, mama huyo alishaukata kwa panga. Ukafungwa, upepo ukatolewa.

Kijiko kikanguruma, na safari hii sauti ilikuwa nzito, isiyoyumba.

Nakiete alikiingiza chini kabisa, kwenye donge la mwisho. Hapo ukingo ukaanza kupasuka karibu na gurudumu lake la nyuma. Elinihaki akapiga kelele, "Toka! Toka, mwanamke, acha mashine!" Nakiete alisikia. Alitazama bondeni mara moja, hakuiona machela, akachota. Akachota tena. Mara ya tatu donge likaachia, maji yakapita chini ya kijiko kwa kishindo, yakafuata korongo mbali na nyumba. Kijiko kikateleza kando, gurudumu moja likabaki hewani. Nakiete alitambaa nje kupitia nyuma.

Ukingo ulishikilia. Nyumba kumi na tisa zikabaki nyumba kumi na tisa. Mama yake alikutwa ameketi kwenye benchi la kanisa, anagombana na waliombeba kwa kumsahaulia blanketi.

Basi Jumamosi kamati ya maji ilikaa, na watu wote wakaja, maana ahadi ilitamkwa mbele ya watu.

Mchome alisimama na mikono yenye vitambaa. "Kila nati iliyofunguliwa siku ile niliifungua mimi. Wengine walisema, mimi nilifanya. Bila chujio langu, kitundu na mpira vingesaidia nini?"

Kiondo akasema, "Fundi alitaka kufungua pampu kwa muda wa saa tatu. Mimi nilisema neno moja tu, kweli. Lakini bila neno lile leo tungekuwa matangani. Neno lipimwe kwa uzito, si kwa urefu."

Mtu akaguna, "Na Bi Namsifu, mwenye mafuta ya maji?"

Bi Namsifu hakujificha. "Kosa ni langu, sikatai. Lakini ufa wa mpira sikuupasua mimi, na kitundu sikukiziba mimi. Niliona ufa ambao fundi hakuuona. Nikakata mpira unaonilisha. Tangu siku ile sijauza hata lita. Kama mimi ni mkosaji tu, basi mnirudishie mpira wangu."

Watu wakacheka.

"Na Nakiete?" aliuliza Elinihaki. "Wote watatu walisimama pahali salama wakati ukingo unapasuka."

Nakiete alikuwa ameketi mlangoni. Akainuka. "Nitoeni mimi. Kijiko kilikohoa siku mbili nami nikanyamaza. Ningesema, kingetengenezwa mapema. Tena sikukaa mle ndani kwa ajili ya kijiji. Nilikaa kwa ajili ya mama."

Mama yake akadakia kutoka kwenye kiti chake, "Usijitoe, Nakiete! Zamu yetu ni ya mwisho, tangawizi yetu hufa kila mwaka. Aliyekaa kwenye mauti aulizwe kwa nini alikaa?"

Elinihaki aliwatazama wanne hao mmoja mmoja. Zamu ya kwanza haigawanyiki. Akiipata mmoja, wengine wanabaki pale walipokuwa. Alifungua daftari la zamu, akashika kalamu, na mkono wake ukasimama juu ya karatasi. Wanakamati wakagawanyika palepale. Huyu anamtaka fundi, yule anamtaka mama wa mpira, mwingine anapiga meza kwa ajili ya neno la mchuuzi wa maziwa, na wa mwisho anasema mwenye roho ndiye mwenye maji.

Hadithi yangu inasimama pale kalamu iliposimama. Nanyi mliokuwa mkitikisa vichwa tangu mwanzo, msiondoke na midomo mikavu: kati ya aliyefanya kazi yote, aliyesema neno moja, aliyekosea kisha akatoa alichonacho, na aliyenyamaza kisha akaiweka roho yake rehani, je, maji ya kwanza ni ya nani?